Geti la kuzuia wizi linalia ovyo dukani? Usikimbilie kubadilisha mashine

Nina duka la nguo hapa Dodoma, maeneo ya Majengo, na haya mageti ya mlangoni yalinitesa karibu mwezi mzima, mtu anapita mikono mitupu yanapiga kelele halafu shati lenye tagi, kile kidude cha kuzuia wizi, linatoka kimyaa. Keshia akishazoea hizo kelele anawapungia watu mkono wapite tu, hapo geti limeshakufa hata kama taa inawaka.

Kwanza jua lako ni la aina gani maana tagi haziingiliani. La 8.2 MHz (hayo ni masafa ya mawimbi yake) tagi zake za stika nyingi ni bapa za mraba zina koili ndani, la 58 kHz stika zake zimetuna kidogo, kuna vibati ndani. Ukinunua tagi bila kuuliza hilo hela imeenda.

Sasa usiku ukishafunga duka, zima kila kitu, uache geti peke yake, likitulia anza kuwasha kimoja kimoja, taa, chaja, feni, kile kibao cha matangazo, mpaka lianze kulia tena. Kwangu mchawi alikuwa taa moja ya LED ya bei chee juu ya mlango, na fundi nilishamlipa mara mbili jamani! Angalia pia nguo zenye tagi zilizotundikwa karibu na geti, zisogeze hata mita mbili, na waya wa ekstensheni uliozungushwa duara pale chini uutoe. Kama ni la 58 kHz na jirani naye analo, yanaweza kugombana maana yanapanga zamu kwa kufuata wimbi la umeme na nyie huenda mko fezi tofauti, hilo mwite fundi ayalinganishe.

Usiongeze usikivu wa geti kabla ya kuondoa hayo, utaongeza kelele tu.

Kila asubuhi chukua tagi nzima upite nayo katikati ya njia, ndipo geti linaposikia vibaya, usawa wa kifundo cha mguu, kiuno, kichwa, halafu uilaze na uisimamishe. Ikipita kimya mahali, sogeza mageti yakaribiane.

Stika za 8.2 usibandike kwenye kopo la bati wala pakiti yenye foili, hazisomeki. Na keshia ahakikishe stika imeuliwa pale kaunta, yaani imezimwa isilize geti tena, maana kumpekua mama wa watu mlangoni na risiti anayo mkononi, we acha tu, mimi yamenikuta.