Somo: TGF-beta iliyolala, TGF-beta iliyoamka

Wengi hupima TGF-beta (protini ya ishara inayodhibiti ukuaji wa seli) yote kwa pamoja, kisha hutangaza kwamba dawa "imeiamsha". Hapana. Seli huitoa ikiwa imefungwa ndani ya ganda la protini, na humo ndani haina kazi. Kuzalishwa ni jambo moja, kuamshwa ni jingine.

1. Safisha estrojeni ya kificho. Seramu ichujwe kwa mkaa, na kioevu cha kukuzia kisiwe na fenoli nyekundu, maana rangi hiyo huigiza estrojeni kidogo. Hapa tunatumia seli za MCF-7, yaani seli za saratani ya matiti zinazoitikia estrojeni.

2. Gawa makundi. Bila dawa, estradioli (aina ya estrojeni) peke yake, 4-hidroksitamoksifeni (umbo tendaji la tamoksifeni, dawa ya kupinga estrojeni) peke yake, na zote mbili. Tamoksifeni ya kawaida hutegemea sana ini kuigeuza. Kwenye sahani ya kukuzia seli hakuna ini.

3. Ondoa seramu kabla ya kukusanya kioevu. Nilipuuza hili nikashangilia matokeo makubwa, hadi nilipopima vishimo visivyo na seli: navyo vilisoma karibu vilevile. Seramu ya ng'ombe ina TGF-beta yake, na kipimo hakiitofautishi na ya binadamu.

4. Gawa kila sampuli mara mbili. Nusu moja itie asidi ya haidrokloriki hadi pH 2 hivi, dakika 10, kisha irudishe kwa sodiamu haidroksaidi. Ganda huachia, unapata jumla. Nusu nyingine usiiguse: hiyo ndiyo iliyoamka yenyewe. Pima zote kwa ELISA (kipimo cha protini kinachotumia kingamwili), ugawanye ya pili kwa ya kwanza.

Maswali

*Mbona inaitwa kichochezi cha ukuaji ilhali inazuia seli za matiti?*
Jina lilitokana na majaribio ya seli nyingine, likabaki. Mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba dawa za kupinga estrojeni huzifanya MCF-7 zitoe TGF-beta zaidi, nayo ikazuia ukuaji.

*Estrojeni huongeza viamshaji vya plasminojeni, vinavyoigeuza kuwa plasmini, kimeng'enya kinachokata protini, na plasmini huvunja ganda. Si ingeiamsha zaidi?*
Swali zuri sana! Lakini estrojeni hiyohiyo hupunguza uzalishaji. Ndiyo maana ninadai jumla na uwiano, vyote viwili.

*Kwa hiyo ikiongezeka kwa mgonjwa ni heri?*
Si lazima. Uvimbe uliokomaa waweza kupuuza breki hiyo na kuitumia kujipenyeza. Sahani haimpangii mtu dawa.

*Sampuli zikae frijini?*
Gandisha kwa mafungu madogo, yeyusha mara moja tu. Kurudiarudia kunaweza kuiamsha TGF-beta, nawe ukaisingizia dawa.