Land Rover ya baba: kufufua 109 nyumbani, jirani na bahari

Siku Fuso ilipoishusha Land Rover ya marehemu baba hapa Mjimwema, Kigamboni, kila jirani aliyepita aliniuliza swali lile lile: mwalimu, utaipiga rangi gani? Sikuwa na jibu, na kwa mwaka mmoja na nusu uliofuata sikulitafuta. Nawe nakuomba usilitafute kwanza. Gari kuukuu la porini halifi kwa kukosa rangi. Linaanzia kufa chini, usikotazama, na hapa Dar muuaji wake ni chumvi.

Yangu ni 109 ya Series III, pikapu ya petroli, injini ya cc 2286. Hiyo 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Baba alikuwa bwana shamba bonde la Kilombero. Aliinunua kwenye mnada, akazunguka nayo mashamba ya mpunga mpaka miguu ikakataa, kisha ikakaa chini ya mwembe Ifakara miaka tisa. Kama ya kwako ni Land Cruiser, mengi ya humu yatakufaa, ila ujue bodi yako ni ya chuma tupu na itahitaji jicho kali zaidi.

Kabla ya kununua hata nati moja, chukua kadi ya gari ulinganishe namba. Kwenye Series III namba ya chasisi imegongwa kwenye kishikio cha springi, mbele upande wa kulia. Sugua hapo kwa kitambaa na mafuta ya taa. Usipitishe grenda, maana ukiifuta namba hiyo utakuwa na gari zima lisilo na jina.

Sasa ingia chini. Nasema ingia chini baada ya kuweka stendi za chuma, si jeki peke yake, wala si matofali ya saruji. Tofali la saruji halipindi likakupa onyo, linapasuka mara moja. Mimi nilichongesha stendi nne Gerezani, za bomba nene, nazo ndizo fedha niliyoitoa bila kujiuliza mara mbili.

Chasisi ya Land Rover ni boksi: mabati manne yaliyochomelewa yakaacha uwazi katikati. Kwa hiyo kutu inaanzia ndani, na kwa nje utaona rangi nyeusi nzuri tu. Chukua nyundo ndogo, anza mbele urudi nyuma, ukigonga kila kiganja kimoja. Chuma kizima kinalia kama kengele ya shule. Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito, kama unagonga mbao iliyolowa. Weka alama ya chaki kila panapojibu hivyo. Pasikilize zaidi penye boriti ya nyuma kabisa, penye vishikio vya springi, na kwenye ile mikono inayotoka ubavuni kubeba bodi. Ukimaliza hapo, nyanyua mikeka uchunguze sakafu ya miguu ya dereva na abiria. Sakafu hiyo ni sehemu ya ukuta unaotenga injini na viti, nao ni wa chuma, tofauti na bodi nyingine.

Chini ya chasisi kuna matundu madogo ya kutolea maji. Yangu yote yalikuwa yameziba. Nilichukua spoki ya baiskeli, nikaikunja ncha, nikaanza kuchokoa lile la nyuma kushoto. Kwanza halikutoa kitu. Kisha likamwaga tope jeusi la Kilombero, kavu kama kahawa iliyosagwa, na ndani yake makapi ya mpunga yakiwa bado na rangi yake ya dhahabu. Nilijaza nusu ndoo kutoka upande mmoja. Tope hilo ndilo lililokuwa likishika unyevu na kuila chasisi miaka yote hiyo. Nilibakiza kiganja kimoja kwenye chupa, kiko kabatini. Wewe chokoa matundu yote siku ya kwanza, halafu urudie kila baada ya masika.

Palipooza panakatwa. Hapa nina uchungu wa kweli. Fundi wa kwanza niliyempa kazi alichukua bati jembamba, akalichomelea juu ya kutu, akasawazisha kwa grenda, akapiga rangi nyeusi. Pakapendeza, nikalipa. Mwezi wa nne, njiani kuelekea Kimbiji, kiraka kikachanika na kishikio cha springi kikasogea, gari likaanza kuvuta kushoto lenyewe. Usikubali kiraka juu ya kutu. Simama hapo hapo, uone kinakatwa hadi chuma kinachong'aa, na bati jipya liwe la milimita 2 au zaidi, lichomelewe kuzunguka lote. Kabla moto haujawashwa, chomoa betri, chomoa waya za alteneta, na lile tenki la petroli lililo chini ya kiti cha mbele litolewe kabisa likae mbali. Tenki tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Kisha sugua kwa brashi ya waya, paka dawa ya kutu, acha ikauke, piga praima yenye zinki, malizia na rangi ya chasisi. Kwa ndani rangi haifiki. Wengi hapa mjini wanapuliza oili chafu. Inasaidia kidogo, lakini inakula bushi za mpira, inachafua ardhi unayolimia mchicha, na oili iliyotoka kwenye injini ina asidi yake. Mimi nachukua oili mpya ya bei nafuu, naiyeyushia grisi kidogo juani, nailainisha kwa dizeli, naipuliza kupitia matundu kwa pampu ile ya kupulizia dawa mikorosho. Unajua imeenea inapoanza kudondoka tundu la pili.

Bodi ya Land Rover ni ya alumini, na watu husema kwa hiyo haiozi. Haishiki kutu, lakini inaliwa. Wanafunzi wangu wanalijua jambo hili: chukua metali mbili tofauti, zigusanishe, zilowanishe kwa maji ya chumvi, umepata betri. Kati ya chuma na alumini, inayoliwa ni alumini. Upepo wa kusi unatuletea chumvi hadi vitandani, basi kila penye bolti ya chuma kwenye bodi utakuta unga mweupe na rangi imevimba. Fungua, sugua unga wote, paka praima pande zote mbili, weka washa ya plastiki au kipande cha tyubu katikati, paka grisi, funga kwa bolti iliyochovywa zinki. Bolti za stenlesi zinang'aa sana dukani, lakini zikigusa alumini bila kitu katikati, karibu na bahari, zinaharakisha uharibifu.

Injini iliyolala miaka usiipe stata. Toa plagi zote nne, changanya dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, mimina vijiko vitatu kila silinda, ondoka. Rudi kesho uongeze. Siku ya tano chomeka hendeli mbele. Gari hili lina baraka hiyo, unaweza kuizungusha injini kwa mkono na kuisikia. Sukuma taratibu, kidogo kidogo. Yangu ilisogea siku ya saba, kwa sauti kama mtu anayevuta pumzi. Ukilazimisha unavunja ringi za pistoni. Ikishazunguka, mwaga oili yote, badilisha filta, weka oili mpya, kisha izungushe kwa stata plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili izimike. Petroli ya zamani imwage yote. Ikishanuka kama vanishi haifai hata kuoshea brashi. Kabureta ya Zenith fungua, osha, badilisha gasketi.

Tapeti, yaani nafasi inayoachwa juu ya kila vali, nitazieleza kwa kirefu kwa sababu kuna njia ya kuzipima ambayo mtu akishaijua haisahau. Injini hii ina vali nane, zihesabu kuanzia kwenye rejeta. Zungusha kwa hendeli hadi vali ya 1 ifunguke kabisa, hapo ndipo unapima ya 8. Ya 2 ikifunguka, pima ya 7. Ya 3, pima ya 6. Ya 4, pima ya 5. Halafu kinyume chake. Jumla ni tisa siku zote. Nafasi ni milimita 0.25 kwa vali zote, injini ya petroli, na fila geji, kile kijibati chembamba cha kupimia, ipite kwa kusugua kidogo kama kisu kwenye siagi baridi. Mpwa wangu wa kidato cha pili alizipima zote nane peke yake kwa saa moja. Baada ya hapo pointi za distribyuta ziachane kati ya milimita 0.35 na 0.40, na waya za plagi zifuate mpangilio wa 1-3-4-2. Ukizikosea hizo, injini itakohoa kwenye kabureta hata ukibadilisha kila kitu kingine.

Breki ni ngoma magurudumu yote. Ukifungua ngoma kuukuu, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto. Lowanisha kwa maji ya sabuni, futa, tupa kitambaa kwenye mfuko uliofungwa. Raba zote za silinda badilisha hata kama zinaonekana nzima, na mafuta yawe ya breki, DOT 3 au DOT 4, kamwe si oili, maana oili inavimbisha raba mpaka breki zinashika zenyewe barabarani. Kazi inayowashinda wengi kwenye 109 ni kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, pedali inabaki laini kama sponji. Kaza kwanza marekebisho ya kila gurudumu mpaka viatu vibane ngoma kabisa, ndipo utoe upepo, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile inayosukumwa na pedali. Ukimaliza rudisha marekebisho mpaka gurudumu lizunguke huru. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ni maji matupu. Yabadilishe kila miaka miwili.

Umeme ni habari fupi: taa ikififia, shuku eathi, ile njia ya umeme kurudi betri, kabla ya kushuku kitu kingine. Vuta waya mnene kutoka betri hadi chasisi, mwingine kutoka chasisi hadi injini, sugua panapogusa, paka grisi. Nusu ya matatizo yataisha hapo.

Vipuri vya 109 bado vinapatikana Shaurimoyo na Kariakoo, ila nenda na kile cha zamani mkononi. Beringi na oili sili zilinganishe kwa namba iliyogongwa, si kwa macho. Na muuzaji akikuambia "hii ni ile ile, kaka yake", mwombe akuletee yeye mwenyewe, siyo kaka.

Kuhusu zile gia fupi: kirungu cha njano ukikibonyeza kinaingiza magurudumu manne kwenye mwendo wa kawaida, chekundu ukikivuta gari likiwa limesimama kinakupa gia fupi, mwendo mdogo wenye nguvu ya kupandia. Gari hili halina difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Usiendeshe magurudumu manne kwenye lami, kwa sababu mbele na nyuma vitavutana mpaka kitu kivunjike. Yatumie mchangani, na kwenye mchanga wa ufukweni shusha upepo wa matairi hadi kama psi 20, kisha ujaze tena kabla ya kurudi barabarani. Hata kama huna safari, mara moja kwa mwezi ingiza magurudumu manne kwenye udongo ukatembee kilomita chache.

Rangi nilipiga mwezi wa saba, mwaka wa pili. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mikavu. Ukipiga wakati wa masika rangi inafunika unyevu na itavimba. Anza saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka, na kwenye alumini tupu tanguliza praima yake maalumu inayong'ata, la sivyo itabanduka kama ganda la kitunguu. Nilichagua kijani kile kile alichokuwa nacho baba, nilichokikuta safi chini ya dashibodi.

Kinachobaki ni utunzaji. Kila baada ya kutembea ufukweni au kusimama foleni ya kivuko wakati wa upepo, naosha chini siku hiyo hiyo. Lakini angalia maji: visima vingi vya huku vina chumvi, na nilijikuta miezi ya mwanzo nikiiogesha chasisi kwa kile kile ninachokimbia. Onja kwanza. Sasa nakinga maji ya mvua kwenye simtanki la lita 1000, ya kuosha tu. Kwenye rejeta naweka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa ya dukani. Grisi kwenye viungo vya propela shafti kila mwezi, mpaka ile ya zamani itokeze pembeni. Oili ya difu, ya giaboksi na ya mipira ya mbele, ile ya chuma nyuma ya magurudumu yanayokata kona, naitazama Jumamosi ya kwanza, kwa kidole. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwagwe leo, isisubiri mwisho wa mwezi. Na ukisafiri ukaiacha zaidi ya wiki mbili, chomoa eathi ya betri, usivute handibreki, weka kigingi kwenye gurudumu, na mwambie mtu wa nyumbani aizungushe kwa hendeli mizunguko kumi kila Jumapili, swichi ikiwa imezimwa.