Nairobi mpaka New York: jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na masaa ya ndege

Watu wengi wanaangalia tiketi, wanaona ndege inatoka usiku inafika asubuhi, wanadhani ni safari ya masaa saba. Hapana jamani!

Anza na umbali. Usipime kwenye ramani ya ukutani, itakudanganya maana dunia ni duara, chukua tufe na uzi, vuta uzi toka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mpaka JFK, ule wa New York, au kama huna tufe ingia Google Earth utumie ile rula yake. Utapata kama kilomita 11,800 hivi.

Sasa gawanya kwa 850, yaani kilomita 850 kwa saa, ndo spidi ya kawaida ya ndege kubwa ikishatulia juu, unapata karibu masaa 14, ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Ila kuna upepo, kule juu mara nyingi unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kwenda New York unapigana nao, weka kama 15, kurudi unakusukuma, kama 14. Hiyo ni dairekti, ukipitia Doha au Amsterdam jumlisha na kusubiri.

Halafu saa za kienyeji, hapa ndo wengi tunapotea. New York iko nyuma ya Nairobi masaa 8, kipindi chao cha joto 7. Ukiondoka saa sita usiku mwezi wa kwanza, ongeza 15, Nairobi ni saa tisa mchana, toa 8, kule ni saa moja asubuhi. Tiketi itaandika 07:00, usije ukamwambia shemeji aje kukupokea saa saba!