AC inamaliza LUKU? Anza kwa kupima usiku mmoja

Wadau wa Dar, joto hili la mwezi wa 12 mpaka wa 3 kila mtu analia LUKU, ila ukimuuliza AC yake inakula yuniti ngapi kwa usiku hajui, sasa utapunguzaje kitu hujakipima? Leo kabla hujalala angalia mita imebaki ngapi, andika, asubuhi angalia tena kabla hujagusa pasi wala hita ya maji. Friji itakuwemo humo kidogo, haina shida. Mimi chumbani nina ya BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupooza) ya zamani isiyo inveta, yaani ni ya kuwaka na kukata tu, haipunguzi kasi, ilikuwa inaondoka na yuniti 8 kwa usiku, piga mara shilingi 356 hivi kwa yuniti unapata kama 2,850, kwa mwezi elfu themanini na tano, chumba kimoja tu jamani!

Kinachokula umeme sio ule upepo unaokupuliza, ni kompresa, ile iliyo kwenye boksi la nje linalounguruma. Kwa hiyo kazi yako yote ni kuipa kompresa nafasi ya kupumzika. Watu wanaingia ndani wanatokwa jasho wanaweka nyuzi 16 wakidhani itapoa haraka, hizi AC za kawaida zinapooza kwa kasi ileile hata ukiweka 25, tofauti ni kwamba ukiweka 16 kompresa haikati mpaka asubuhi maana chumba hakifiki huko. Weka 25 au 26 halafu washa na feni, feni ya wati 70 inachukua masaa 14 kumaliza yuniti moja, na upepo wake ukikupitia mwilini 26 unaiona baridi kabisa.

Halafu filta. Fungua kile kifuniko cha mbele, vuta zile nyavu mbili, kama hujawahi kuzitoa utakuta vumbi limeshikana kama blanketi la kijivu, hewa itapita wapi hapo? Osha kwa maji ya bomba na sabuni kidogo, anika kivulini, ukianika juani plastiki inapinda. Mtaa wa vumbi fanya kila wiki 2. Mnaokaa karibu na bahari boksi la nje nalo limwagiwe maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, umeme umezimwa kwanza, chumvi inatafuna yale mabati membamba.

Madirisha ya luva yanavujisha sana, ziba, na la upande wa jua la jioni liwekee pazia zito ulishushe kuanzia saa 8 mchana, chumba kisipopata moto mchana, usiku AC ina kazi ndogo. Baada ya hayo nilipima tena nikakuta yuniti 5 kwa usiku.

La mwisho ni gesi, hili linaniuma maana nililipishwa mara 3 kwa mwaka mmoja. Gesi ya AC haiishi kama ya kupikia, inazunguka humohumo, ikipungua ujue inavuja. Fundi akikwambia gesi imeisha mwambie akuonyeshe panapovuja, apake povu la sabuni kwenye nati za mabomba, likifanya mapovu ndo hapo, azibe kwanza ndo ajaze.