Mtoto akianguka kifafa, mwingine ashike simu

Miaka miwili nilikuwa naingia kwa daktari na maelezo yaleyale: "Alianguka, akatetemeka." Kipimo cha umeme wa ubongo kilitoka safi, maana mwenye kifafa anaweza kupimwa siku ambayo hana tatizo na kisionekane kitu. Mwanangu akabaki na dawa ya kifafa, fenobabitoni, anasinzia darasani, na kuanguka hakukukoma. Kilichotusaidia ni video ya dada yake.

Mtoto kwanza, simu baadaye. Mlaze ubavu, legeza kola, sogeza jiko na meza. Usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Kazi ya kurekodi apewe mwingine. Ukiwa peke yako, egemeza simu kwenye ndoo.

Washa taa, ondoa shuka. Chukua mwili mzima, kisha uso: macho yamefumba au yako wazi, yamegeukia wapi?

Mwanzo ndio wenye thamani kubwa, na ndio unaotuponyoka. Dada yake alikuwa akimrekodi anasoma kaswida. Ghafla kidole gumba cha kushoto kikaanza kucheza chenyewe, kiganja kikafuata, mkono mpaka begani, mdomo ukavutwa kushoto, ndipo akaanguka. Miaka yote ile kidole hicho sikukiona, kwa sababu nilikuwa nafika ameshalala chini. Daktari aliirudisha video mara tatu, akaniambia tatizo linaanzia upande wa kulia wa ubongo, akaanza kumhamishia dawa nyingine, kabamazepini, pole pole. Usiinunue mwenyewe dukani kwa kusikia kwangu: kifafa cha kuzubaa, kile cha mtoto kukodoa macho kidogo bila kuanguka, dawa hiyo hukizidisha. Wala usikatishe dawa anayotumia. Kwa kuwa mwanzo ndio wenye thamani, mtoto akisema tu "mkono unanitekenya," anza kurekodi.

Taja saa kwa sauti. Zikifika dakika 5 hajatulia, weka simu chini, mkimbize hospitali.

Akitulia, usizime. Mwite jina, mwambie ainue mikono yote miwili. Wa mwanangu wa kushoto ulining'inia karibu robo saa, na hilo nalo daktari alilitaka.

Kwenye daftari la kliniki andika tarehe, saa, kama alikosa usingizi, alikuwa na homa au aliruka dozi.

Video hiyo usiirushe kwenye kundi la ukoo. Wangu ana miaka 11 sasa, na kabla sijamwonyesha daktari humwomba ruhusa kwanza. Siku nyingine huishika simu mwenyewe, akamwonyesha daktari kidole kinapoanzia.