Juisi ya mshubiri: kukamua na kuhifadhi nyumbani

Hakikisha kwanza mmea wako ni aloe vera ya bustanini. Mishubiri ya porini ni ya aina nyingi, na mingine ni sumu. Hiyo iache huko huko.

Kata jani nene la chini, karibu na shina. Lisimamishe ndani ya glasi, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 15 hivi. Utomvu wa njano utachuruzika, na harufu yake kali utaijua. Huo ndio unaoharisha na kusokota tumbo, kwa hiyo mwaga. Anayelalamika kuwa juisi ilimkata tumbo mara nyingi aliruka hatua hii, au alisaga jani pamoja na ganda.

Osha jani, kata miiba ya pembeni, kisha chuna ganda lote la kijani kwa kisu kikali. Suuza ute mpaka maji yasionyeshe unjano. Ute ukibaki mchungu, suuza tena.

Saga vijiko 2 vya ute na kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, na ndimu nusu. Sekunde 20 zinatosha. Ukizidisha utapata povu tupu.

Tia kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, ijaze hadi shingoni, weka kwenye friji na uimalize ndani ya siku 3. Ikichacha au kuwa na povu lisilotulia, mwaga. Ute uliozidi ugandishe kwenye trei ya barafu.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasinywe. Anayetumia dawa za kisukari aulize daktari kwanza.