Namna ya Kuondoa Ukoga wa Kijani kwenye Ukuta wa Mawe na Chokaa

Nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Unguja, na za Lamu vilevile, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na ukuta wa namna hiyo hufyonza maji na kuyatoa tena. Masika yakishika, pembe zisizopata jua hutanguliwa na utando laini unaoteleza, kisha juu yake huota vimea vifupi vilivyosongamana kama zulia, ndio ukoga wenyewe. Bonyeza zulia hilo kwa kidole gumba, na maji yatachuruzika hadi kiganjani. Vimea hivyo havina mizizi halisi, bali vijinyuzi vya kujishikiza tu. Hunywa maji kwa mwili mzima, na jua likivikausha husinyaa bila kufa, vikingoja mvua nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kushika brashi, tafuta maji yanatoka wapi. Toka nje wakati mvua inanyesha, uutazame ukuta. Mstari wa kijani ulioshuka wima mara nyingi huanzia kwenye mlizamu wa maji ya paa uliotoboka au kuziba kwa majani, ilhali mkanda ulio karibu na ardhi huonyesha maji yanayorukia ukuta au kupanda kutoka chini. Jihadhari zaidi na viraka vya saruji, kwa kuwa saruji huzuia unyevu usitoke, nao hutafuta njia pembeni, hata ukaona kijani kimekizunguka kiraka kama pindo la kanga. Kiraka hicho kibanduliwe na fundi aliyezoea chokaa. Anayesugua bila kuziba maji atasugua tena mwakani.

Kusugua kwenyewe kunafaa baada ya siku kadhaa za ukavu, ili zulia libanduke vipande vipande badala ya kupakaza kijani ukutani. Tumia kipande cha mbao na brashi ya makumbi au ya katani, ukianzia juu. Brashi ya waya iache: niliwahi kuitumia kwenye baraza ya nyumbani, ikachora mikwaruzo iliyotunza maji, na masika yaliyofuata ukoga uliota humo humo, mstari kwa mstari. Siki na ndimu zina asidi inayoila chokaa, na dawa ya klorini huacha chumvi ndani ya lipu. Ukikuta mche wa mtini umejishika katikati ya zulia, ukate badala ya kuung'oa, maana mzizi ulioingia kati ya mawe huweza kutoka na jiwe. Lipu inayolia utupu ukiigonga nayo usiisugue, itaanguka.

Ukuta ukiwa safi, upake chokaa. Chukua chokaa iliyozimwa ikakaa majini kwa wiki kadhaa, uizimue mpaka iwe nyepesi kama maziwa, kisha uichuje kwa kitambaa. Lowesha ukuta kwanza, kwani ukuta mkavu huinyonya chokaa maji kabla haijashika, nayo hubaki vumbi linaloshikana na nguo ya kila apitaye. Paka mikono mitatu au zaidi, yaani tabaka juu ya tabaka, kila mmoja mwembamba kiasi cha kuonekana kama haukufunika kitu, na kila mmoja upate siku yake ya kukauka. Ukali wa chokaa mbichi huua mabaki ya ukoga, lakini ukali huo unapungua kadiri chokaa inavyogeuka kuwa jiwe tena. Vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali mara moja. Kazi hii hupendeza wakati wa kipupwe, kuanzia Juni, jua lisipokuwa kali, tena upande ulio kivulini.

Ukuta wa bustani usio na lipu mimi huuacha na zulia lake, kwani haumdhuru mtu. Ngazi siziachi, kwa sababu wazee hupanda na kushuka wakiwa na ndoo mkononi.